Barua ya wazi kwa Ofisi Inayohusika

Mwenye Guta,
Mabibo, Dar es Salaam.

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi Inayohusika,

YAH: KUOMBA RADHI KWA KUFUNGA TAA NA MOTA KWENYE GUTA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, kila nilikokwenda nimeambiwa niende "ofisi inayohusika". Mlango wako sijauona, lakini kwa jinsi unavyotajwa na watu wazima wenye vitambulisho shingoni, naamini upo. Ndiyo maana barua hii ni ya wazi: ingekuwa ya kufungwa, nisingejua niipeleke wapi.

Nina guta la magurudumu matatu. Saa kumi alfajiri napakia soko la Mabibo magunia matatu ya viazi, yote lumbesa, mzigo ambao kwa vipimo halali haupo ila mgongo unaujua. Nakanyaga Manzese, Magomeni, nashuka Jangwani, napanda Fire, nashusha Kariakoo kabla jua halijatoka. Abiria wa mwendokasi hajui kama pale Fire pana kilima. Aje nimwazime magunia yangu.

Miaka sita nimefanya kazi hiyo bila taa. Nyuma nilining'iniza sidii ya kwaya ya shemeji yangu, mwanga wa gari ukiipiga inameremeta. Katika miaka yote hiyo hakuna afande aliyenisimamisha hata siku moja. Nadhani hawakuniona, na siwalaumu, maana hata lori la mchanga halikuniona. Lilinipitia karibu mno, likachana gunia la juu, nikaokota viazi gizani kimoja kimoja huku magari yakinipigia honi kwamba nazuia njia. Sidii ilibaki nzima.

Hapo ndipo nilipopata wazo baya la kutaka kuonekana.

Nikaanza na dainamo, kile kichupa kinachosugua tairi. Kinatoa wati tatu, lakini mpaka gurudumu lizunguke sawasawa, na mwenye kilo zaidi ya mia tatu nyuma yake hazungushi gurudumu, analibembeleza. Kupanda Fire taa ilikonyeza kama mtu mwenye vumbi jichoni. Nikisimama kwenye makutano, mahali hasa ninapotaka dereva anione, inazimika kabisa. Fundi wangu wa Gerezani akasema taa inataka betri. Na ukishagharimia betri, kwa nini ikae inatazama barabara tu, isisukume?

Akafunga mota ya wati 500 kwenye habu ya gurudumu la mbele. Ilikuwa kosa, na naliandika hapa ili mwingine asipoteze hela. Mzigo wa guta uko nyuma, mbele ni kwepesi. Kwenye mchanga gurudumu lilizunguka kama feni, guta lenyewe limetulia. Tulipofika kwenye lami ekseli ikajisokota ndani ya uma na kukata nyaya zake yenyewe. Tukahamishia nguvu nyuma, mota chini ya bodi, mnyororo mpaka kwenye ekseli. Betri ni ya volti 48, ampea-saa 20, na kuijaza kunakula kama uniti moja tu ya LUKU. Fundi anasema mtu akikanyaga mfululizo hutoa kama wati 100. Kwa hesabu hiyo nimeajiri vijana watano wasiokula.

Kwenye betri hiyohiyo, kupitia kiboksi kinachoshusha volti 48 hadi 12, tukaunga taa nyeupe mbele, mbili nyekundu nyuma, na indiketa. Siku ya kwanza nilishuka Jangwani nikijiona kama meli inaingia bandarini.

Siku hiyohiyo nikasimamishwa.

Afande alilizunguka guta mara mbili, akainama, akaona mnyororo, akaona mota. Akatangaza: "Hiki sasa ni chombo cha moto." Nikamwomba aguse. Akagusa. Nikamuuliza kama kuna moto. Akasema ni vuguvugu. Mheshimiwa, hili naliomba ulitolee ufafanuzi: halina petroli, halina moshi, halina hata bomba la kutolea huo moshi, ila liko vuguvugu. Kama kuna daraja la chombo cha vuguvugu, nipo tayari kulipia.

Nikaulizwa leseni, bima, stika, kadi ya usajili. Nikaenda kusajili. Dirisha la kwanza likasema hii ni baiskeli, hatuhusiki. La pili likasema ina mota, si baiskeli, hatuhusiki. La tatu lilikuwa na dada mwenye huruma, akanipa fomu. Ukubwa wa injini, kwa cc: mota haina cc, nikaandika sifuri. Akaingiza kwenye kompyuta, akasema mfumo haukubali sifuri, andika hamsini. Nikamwambia nitakuwa nimedanganya. Akasema mfumo hauna shida na hilo. Aina ya mafuta: petroli, dizeli, au gesi, nikauliza kama naweza kuandika sembe, kwa kuwa nusu ya safari bado nakanyaga mwenyewe. Namba ya chesisi: fremu imechomelewa Gerezani kwa mabomba, haina namba, ila fundi yuko tayari kugonga namba yake ya simu.

Halafu kuna stika nyingine, ya mota yenyewe. Mota yetu ya wati 500 ilikuja imebandikwa 250W. Fundi akacheka, akasema hiyo ni kwa ajili ya Ulaya. Kule mota isipozidi wati 250, ikasaidia pale tu unapokanyaga, na kujikata ukifika kilomita 25 kwa saa, basi bado ni baiskeli, haidaiwi pleti namba. Kilomita 25 kwa saa guta langu litazifikia siku litakapoanguka darajani. Sisemi tuwaige, na hiyo stika ni udanganyifu mtupu. Lakini wenzetu wana mstari ambao mtu anaweza kuuona, hata anapouruka. Mimi mstari wangu ni afande, na unahama kutegemea ameamkaje.

Jambo moja ninalo moyoni. Katika kuzungushwa kote huku nilikuwa nasubiri swali moja, na ningeulizwa mapema ningeona haya: breki. Zamani breki yangu ilikuwa kipande cha tairi kilichokuwa kikisugua gurudumu, nikisaidia kwa kandambili. Kwa breki ile, kushuka Jangwani na lumbesa tatu kulikuwa ni sala. Tulipofunga mota nikakataa kuondoka mpaka tumefunga breki ya diski nyuma, na swichi kwenye mkono wa breki ili ukiubana tu mota inakata. Ilinigharimu kuliko taa zote. Mtu mwenye mota bila breki ni wa kusimamishwa kweli, hata mimi ningemsimamisha. Hakuna aliyeniuliza. Waliulizia stika.

Uamuzi niliopewa, kwa mdomo, ni huu: mpaka nitakapopata kibali, nisiwashe mota. Na kwa kuwa taa zinapata umeme kwenye betri ya chombo ambacho hakijasajiliwa, nazo nisiziwashe. Nimetii. Sasa nakanyaga viazi pamoja na mota pamoja na betri, na kule Fire wale vijana watano wamepanda juu ya mzigo wanasubiri majibu yako. Sidii, niliyomrudishia shemeji nilipofunga taa, nimemwomba anipe tena.

Nitakuwa Jangwani kesho kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri, upande wa kushoto.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwenye Guta.

Nakala:
Fundi, Gerezani.
Dereva wa lori la mchanga.