Heko, Mhakiki wa Jalada

Tumpe heko msomaji wetu wa kisasa, maana ametupunguzia sote mzigo wa kufungua vitabu. Abdulrazak Gurnah alipotangazwa mshindi wa Nobel ya Fasihi mwaka 2021, jioni ileile kijiweni tulijaaliwa wajuzi wa riwaya zake zote kumi. *Paradise*, iliyotoka 1994, ilipokuja kusomeka kwa Kiswahili mwaka 2022 kama *Peponi*, wao walikwisha kuitolea hukumu: mwandishi anaringa. Na ndivyo ipasavyo. Hakimu anayesubiri ushahidi hujaza mahabusu. Daktari anayepima kwanza hupanga watu foleni.

Kwa *Nagona*, riwaya ya Kezilahabi, msomaji wetu alijitahidi zaidi, akasoma ukurasa mzima, ndipo akagundua kwamba marehemu hakujua kusimulia.

Katuni ndizo huzichambua kwa kina, kwani zinasomeka ukiwa umesimama mbele ya meza ya muuza magazeti, mikono mfukoni. Madenge, yule mtoto wa katuni za gazeti la *Sani*, amemsikitisha: miaka yote hii hajakua!

Basi ndugu mwandishi, mlipe vizuri mchora jalada. Humo ndani andika upendavyo.