Mbwa Mmoja, Mabosi Watano

Tangu Julai 2009, kanuni za Guangzhou, China, zinaruhusu mbwa mmoja tu kwa kila kaya mjini. Idadi ya mabosi wake hazikuitaja. Kule Xiaobei, mtaa wa mji huo, kuna mfanyabiashara wetu, mtu wa makontena; akipiga simu, makuli Dar wanakimbia. Nyumbani akisema "Kaa!", mbwa anapiga mwayo, kisha anamfuata mama mkwe mwenye bakuli la wali na mifupa.

Wafunza mbwa wanashauri kila mwanafamilia amlishe, atumie amri ileile, na atoe kitu baada ya kutiiwa. Mzee hana muda huo. Heshima anaitaka bure. Watoto wakamwonyesha: kipande cha nyama mkononi, mbwa chini, mkao wa adabu.

"Kwa hiyo nimhonge?" akafoka mtu anayezijua forodha zetu.