Jinsi ya Kupata Cheti cha Huduma ya Kwanza Bila Kutoa Jasho

Kabla ya kujiandikisha, uliza kama kuna posho. Mafunzo ya kuokoa maisha yasiyo na posho huendeshwa na watu wenye nia, na watu wenye nia wana tabia moja mbaya: saa mbili na nusu asubuhi wameshakupigisha magoti sakafuni. Wewe tafuta ukumbi wa hoteli wenye kiyoyozi, bango lenye nembo za wafadhili wasiopungua watatu, chai ya saa nne yenye sambusa za nyama, na mgeni rasmi mwenye majukumu mengi. Huyu wa mwisho ndiye muhimu kuliko wote. Akiingia saa tano, akasema hana mengi ya kusema, halafu akafungua faili, jua kipindi cha vitendo kimeshaliwa na cheti kiko njiani.

Mavazi nayo ni sehemu ya maandalizi. Kufufua mtu ambaye moyo wake umesimama ni kazi ya magotini: mikono imenyooka, mabega yako juu ya kifua cha mgonjwa, uzito wa mwili unashuka wote. Hata mtu mwenye afya njema huanza kuhema mapema, ndiyo maana waokoaji hupokezana kila baada ya dakika mbili. Hakuna sababu ya wewe kuyajua haya kwa mwili wako. Mwanamke avae sketi ya kubana, mwanamume avae ile suti ya kikao cha bodi, na mkufunzi akiomba mtu wa kujitolea, wote wawili wainame kutafuta kalamu zilizoanguka chini ya meza.

Mbele ya ukumbi, juu ya mkeka, mtaikuta sanamu ya mpira, kiwiliwili kisicho na mikono wala miguu, moja kwa ukumbi mzima. Inaitwa Anne. Uliza habari zake! Mkufunzi mzuri atawaeleza kwamba ilitengenezwa mwaka 1960 na Asmund Laerdal, mtengenezaji wa midoli wa mji wa Stavanger, Norway, ili watu wajifunzie kupuliza pumzi mdomo kwa mdomo, mbinu ambayo daktari Peter Safar na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba inafanya kazi. Na uso wake umeigwa kutoka kinyago cha msichana asiyejulikana jina, ambaye inasemekana aliopolewa kutoka mto Seine, Paris, mwishoni mwa karne ya 19. Hapo ukumbi utanyamaza. Usiuache unyamaze. Uliza kama alizama au alizamishwa. Uliza ndugu zake walikuwa wapi. Mtu mmoja atamkumbuka binti wa kijijini kwao, mwingine atataja jini la baharini, na robo saa itapita bila sanamu kuguswa.

Kuna habari moja ya mwaka huohuo wa 1960 ambayo ni afadhali ipite kimya. Huko Johns Hopkins, Marekani, watu watatu, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker, walichapisha ushahidi kwamba damu inaweza kusukumwa mwilini kwa kukandamiza kifua kutoka nje, bila kumpasua mtu. Kouwenhoven hakuwa daktari. Alikuwa mhandisi wa umeme. Habari hii ikisikika sana, mhasibu, dereva na mlinzi wa getini wanaweza kudhani kwamba mikono yao nayo inafaa.

Zamu yako ikifika, kwa bahati mbaya ipo siku hufika, weka kiganja katikati ya kifua cha sanamu, kingine juu yake, na ubonyeze kwa heshima. Mkufunzi atadai sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kiachwe kiinuke chote kabla ya kubonyeza tena, mikandamizo 30 kisha pumzi 2. Atawaambia mfuate mapigo ya wimbo wa Bee Gees wa mwaka 1977, Stayin' Alive, ambao unaangukia ndani ya kiwango hicho. Wewe fuata mwendo wa taarabu ya zamani, ile ambayo mtu anainuka kitini taratibu, anajinyoosha kanga, anatembea hadi jukwaani kutunza, anarudi, na ubeti bado haujaisha. Sanamu nyingi hulia “tak” kina kikifikiwa. Yako isilie. Ukiulizwa, sema unaogopa kuvunja mbavu. Kweli, mbavu za mtu mzima huweza kuvunjika wakati wa kazi hii, na mkufunzi atajibu kwamba mbavu huunga. Usibishane naye. Ndugu watakaoosha maiti watashukuru kuzikuta mbavu zote mahali pake.

Kuhusu kupuliza, kinyaa ndicho kinga yako. Tatizo ni kwamba mkufunzi wa siku hizi atasema asiyeweza kupuliza akandamize tu kifua bila kuacha, kwa sababu mtu mzima aliyeanguka ghafla bado ana oksijeni kidogo kwenye damu. Kauli hii inakunyang'anya kisingizio, kwa hiyo wakati inatolewa uwe nje unapokea simu. Rudi baadaye kidogo, anapoeleza kwamba aliyezama majini na mtoto mdogo wao wanahitaji pumzi hasa, maana shida yao ilianzia kwenye hewa. Hapo unaweza kuuliza kama haitoshi kumning'iniza miguu juu kichwa chini ili maji yatoke, kama wanavyofanya pwani. Haitoshi, na inapoteza muda. Lakini swali litazua mjadala mpana, na mjadala mpana ndio uhai wa semina yoyote.

Sasa somo gumu kuliko yote, na naomba ulikwepe kwa makini. Mtu ambaye moyo wake umesimama mara nyingi hatulii kama maiti ya kwenye tamthilia. Dakika za mwanzo anaweza kuvuta pumzi moja nzito, ya kukoroma, akanyamaza, akavuta nyingine. Hiyo si pumzi ya uhai; ni ubongo unaotapatapa. Aliyejifunza vizuri huangalia kwa muda usiozidi sekunde 10, akiona mtu haitiki na hapumui sawasawa, anaagiza msaada uitwe na kuanza kukandamiza. Wewe simama juu yake mikono kiunoni utangaze: “Anakoroma huyo, amelala tu, mwacheni apumzike.” Umati utakubaliana nawe. Umati wetu hupenda sana mgonjwa apumzike.

Na umati ndio chuo chenyewe kilichotulea kabla ya semina. Pale stendi, mtu akianguka, vyeti viko hewani tayari. Mmoja atapaza sauti “Mpeni hewa!” huku akiwa ndiye aliyeiziba. Wa pili atamwaga maji usoni. Kama ni kifafa, ataletwa mtu mwenye kiberiti amnusishe, na mwingine mwenye kijiko akitaka kukisukuma katikati ya meno, ingawa anachohitaji mgonjwa ni kuondolewa vitu vya kumuumiza, kitu laini chini ya kichwa, na akitulia alazwe ubavu. Aliyeungua na uji atapakwa dawa ya meno, na bomba la maji, ambalo lingempoza kwa dakika 20, liko hatua tatu kutoka hapo. Anayetoka damu puani ataambiwa aangalie juu ili aimeze vizuri. Wengine watarekodi, simu ikiwa imelazwa ili picha ienee. Baada ya hapo majeruhi atabebwa mikono na miguu, shingo ikining'inia, aingizwe kwenye bajaji.

Usisahau PF3, ile fomu ya polisi. Hata pale inapoelezwa kwamba majeruhi atibiwe kwanza na karatasi ya polisi ifuate, wewe endelea kuamini kwamba anayemgusa majeruhi ndiye atakayelala kituoni. Ukiwa Kenya kazi inakuwa ngumu zaidi, maana Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 43, imeandika waziwazi kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Huko itabidi uogope kitu kingine. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, ingawa hawakuwa wakimzungumzia mtu ambaye kila dakika anayokaa bila kukandamizwa wala kushtuliwa moyo inampunguzia nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Piga hesabu hiyo ukiwa kwenye foleni ya Ubungo saa kumi na mbili jioni.

Kama wewe ni mhudumu wa afya, ruka yote hayo. Wewe una haki zako. Kaa viti vya nyuma, sema “sisi haya tunayafanya kila siku,” saini karatasi ya mahudhurio, chukua pointi za CPD za kuhuishia leseni, uondoke mapema kwa kuwa una zamu. Wodini hakikisha toroli la dharura limefungwa, ufunguo uko kwa sista kiongozi, na sista kiongozi yuko semina ya toroli la dharura. Mfuko wa ambu wa kupulizia hewa uwepo, barakoa yake isiwepo. Mgonjwa akibadilika, watu wanane wazunguke kitanda, kila mmoja akisubiri mwenye cheo kikubwa kuliko yeye aseme neno.

Ila kuna hospitali moja uiepuke kama deni. Haydom, mkoani Manyara. Watafiti waliwafundisha wahudumu wa pale, kwa siku moja, mpango wa kusaidia watoto wachanga kupumua, ule unaotaka mtoto asiyelia awe anapulizwa hewa kwa ambu ndani ya dakika moja tangu azaliwe. Baada ya mafunzo wahudumu walifanya vizuri zaidi kwenye mwanasesere. Chumba cha kujifungulia, na watoto halisi, mambo yakabaki yaleyale. Kufikia hapo ilikuwa habari tamu kwa kila mpenda semina: siku moja, cheti, hakuna kilichobadilika, turudi tena mwakani. Wakaiharibu. Waliweka mazoezi mafupi palepale kazini, dakika tatu hadi tano kila wiki, na marudio marefu kidogo kila mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka takriban 11 hadi takriban 7 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Fikiria hasara. Hakuna ukumbi, hakuna bango, hakuna nauli ya kurejeshewa, mgeni rasmi hana pa kukaa. Mkunga anapita na glavu zake, anapuliza mwanasesere mara kadhaa, anaendelea na kazi. Mfumo huu ukienea nchi nzima, sekta yetu itakufa na hakuna atakayeifufua.

Ofisini tunza sanduku la huduma ya kwanza. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awe na vifaa hivyo, na haijakataza kuvifungia. Ndani weka bandeji iliyopitwa na wakati, risiti za mafuta ya jenereta, na sukari ya chai ya bosi. Kama mna mashine ya kushtua moyo, hongereni, ni mali ya gharama. Mashine hizo huongea zenyewe, hueleza hatua kwa hatua, na hukataa kutoa umeme kwa moyo usiouhitaji, kiasi kwamba hata asiye na mafunzo anaweza kuitumia. Hatari tupu. Iwekwe stoo, stoo ifungwe, na anayeihitaji aandike barua kupitia kwa mkuu wake wa idara.

Mtihani usikusumbue. Chagua jibu refu kuliko yote.

Cheti ukikipata, kipeleke kikavikwe plastiki kabla jasho la mtu mwingine halijakigusa. Vyeti vingi vya namna hii hudumu miaka miwili. Ujuzi wenyewe hufifia ndani ya miezi michache usiporudiwa, lakini ujuzi hauna tarehe iliyochapwa, kwa hiyo mkaguzi hawezi kuuuliza. Kitundike nyuma ya kiti chako, palipo na mwanga.

Litabaki kundi la WhatsApp la “Waokoaji”, ambalo wiki ya pili litageuka kuwa la michango ya harusi. Usiku mmoja, saa nane, mshiriki mwenzenu ataandika kwamba mtoto wake wa miaka mitatu amepaliwa na karanga, hawezi kukohoa wala kulia, afanye nini. Watatu watajibu kwa mikono iliyokunjwa ya kuomba. Mmoja atasema pole mpendwa, jaribu maji ya uvuguvugu. Mwekahazina atakumbusha kwamba mwisho wa ahadi ni Ijumaa. Makofi matano ya nguvu kati ya mabega, kisha kubinya tumbo juu ya kitovu mara tano kwa kusukuma ndani na juu, na kurudia: hayo yote yamo kwenye kitini mlichogawiwa baada ya chakula cha mchana, na kitini kimo kwenye begi la semina, na begi, kwa kuwa lilikuwa imara na lina zipu nzuri, kijana wa jirani anabebea viatu vyake vya mpira.