Namna ya kulipia pikipiki yote ukabaki unatembea kwa miguu

Mwongozo huu ni wa kijana anayetaka kuchukua bodaboda ya mkataba hapa Dar es Salaam na asiipate kamwe. Utaratibu unaujua, mdogo wangu: bosi ananunua chombo, wewe unaingia barabarani, jioni unapeleka hesabu. Tuseme 10,000 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, mwaka mzima. Jumla 3,650,000. Siku ya mwisho bosi anatoa kadi ya pikipiki, mnapeana mikono, chombo chako. Wapo wanaofika huko salama, nami sina la kuwafundisha.

Anza kwa kuamini kwamba pasipo karatasi hapana mkataba, kwa hiyo mliyoongea na bosi pale kijiweni yalikuwa maongezi tu. Yalikuwa mkataba. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, iliyochotwa kwa sehemu kubwa kutoka sheria ya India ya mwaka 1872, haidai maandishi kwa biashara ya namna hii. Kifungu cha 10 kinataka mkubaliane kwa hiari, muwe watu ambao sheria inawaruhusu kuingia mkataba, kila upande utoe kitu halali, na lengo lenyewe liwe halali. Kariakoo watu wanakula kwa mali kauli: mzigo unatoka dukani kwa neno la mdomo, na neno hilo linamfunga aliyelitoa. Shida huja siku ya ugomvi, pale kila mmoja anapokumbuka neno lake.

Basi ili uumie vizuri, kubalianeni mkiwa wawili tu, na hesabu uilipe mkononi. Usitume kwa simu hata siku moja. Ujumbe wa muamala unabaki na tarehe, kiasi na jina la mpokeaji, na vitu kama hivyo vinatuharibia mpango. Kama kuna daftari, alitunze bosi.

Bosi akiwa mtu wa karatasi, mfuate stesheneri. Yule kijana wa kompyuta atafungua mkataba wa watu wengine, atafuta majina yao, ataweka yenu, atachapa. Usiusome. Ukiusoma utakutana na kipengele kinachomtaka "mpangaji" alipe bili ya maji na asipangishe chumba kwa mtu mwingine, utaanza kuuliza maswali na foleni nyuma yako itanuna. Saini ukurasa wa mwisho pekee, kurasa za mbele uziache bila alama yoyote ili mwenye nakala aweze kuzibadilisha akipenda. Nakala yenyewe iwe moja, akae nayo yeye. Kisha nendeni kwa wakili mkagongewe muhuri, urudi nyumbani ukiamini kwamba muhuri ule umeponya kila kilichoandikwa juu yake. Mimi nauheshimu sana muhuri wa wakili, lakini haujawahi kugeuza sharti batili likawa halali.

Bosi naye asijione amesahaulika. Njia yake nyepesi ni kumkabidhi chombo kijana wa miaka 17 kwa sababu anaendesha vizuri na mama yake ni mtu wa kanisani. Mwaka 1903 Baraza la Faragha kule London, lililokuwa mahakama ya rufaa ya makoloni, liliamua kesi kati ya mkopeshaji mmoja wa Calcutta na kijana aliyeweka nyumba rehani kwake kabla ya kufikia utu uzima. Baraza likasema mkataba wa mtoto ni sawa na hakuna mkataba, na mkopeshaji akakosa alichokuwa akidai. Uamuzi ule ulihusu sheria ileile ya 1872. Na kama kijana ametimiza miaka 18, basi msainishe saa sita usiku akiwa amelewa hajui kalamu iko mkono gani. Asiyeweza kuelewa anachokubali hana mkataba wa kumfunga.

Sasa tuje kwenye masharti, maana hapa ndipo pikipiki nyingi hupotelea. Usiandike "siku 365". Andika "mpaka hela ya bosi irudi". Hela ipi? Ya kununulia tu, au pamoja na bima, usajili na faida? Sheria inasema makubaliano ambayo maana yake haijulikani wala haiwezi kujulikana ni batili, ila kabla hujafika mbele ya hakimu kuyasikia hayo utakuwa umepeleka hesabu miezi mitano ya ziada. Nyamaza pia kuhusu tairi, cheni na oili. Nyamaza kuhusu faini za trafiki. Usiulize kama hesabu inadaiwa siku chombo kiko gereji kinafunguliwa injini, au siku wewe uko kitandani na malaria.

Na wizi usiutaje kabisa, utasema unajiombea mabaya. Chombo kikiibiwa mwezi wa kumi, bosi atakuuliza kiko wapi, wewe utamuuliza bima iko wapi. Bima aliyokata ni ile ndogo, ambayo inamlipa mtu uliyemgonga, aliyeibiwa haimhusu. Bima kubwa ni ghali na hamkukubaliana nani angeilipia. Hapo kila mmoja atakuwa na haki yake kichwani, na karatasi iko kimya.

Bosi akileta kipengele cha faini ya 500,000 kwa kila siku ya kuchelewa, kubali huku ukitetemeka. Usimwambie kwamba mahakama haimpi mtu kiwango fulani kwa kuwa tu kimeandikwa. Humpa fidia inayostahili, na kile kilichoandikwa kinakuwa ukomo wake wa juu. Akiongeza kwamba "dereva hataruhusiwa kwenda mahakamani", usicheke. Sharti la kumfungia mtu kabisa mlango wa mahakama ni batili, lakini linatisha, na kwa kazi ya kutisha tu linafaa sana.

Kadi usiombe kuiona. Huenda ina jina la mtu wa tatu, au imelala kwa mkopeshaji kama dhamana ya deni la bosi. Ukidanganywa unaweza kuomba mkataba uvunjwe, ila kama aliyekupa taarifa potofu hakuwa na hila, na ukweli ungeupata kwa uangalifu wa kawaida, sheria itakuuliza uangalifu huo ulikuwa wapi. Kwa hiyo mwite bosi "mzee wangu", mwambie unamwamini kama baba yako, na uwashe chombo.

Hatimaye mwaka utaisha, hesabu imetimia, na mzee wako atasema bado kuna kitu kidogo. Wiki ijayo chombo kitakuwa kwa dereva mwingine. Usifanye haraka. Sheria ya Ukomo inakupa miaka 6 ya kudai haki iliyotokana na mkataba, tangu siku haki hiyo ilipozaliwa. Tuma wazee wakaongee naye, halafu mjumbe, halafu shemeji yake. Mwaka wa 7 ukianza, tafuta wakili.