Hekaya za Kaskazini

Tamthilia za siasa na uhalifu za Skandinavia huwekwa kimakosa katika fani ya uhalisia, ilhali haki yake ni rafu moja na Alfu Lela Ulela, ambako mazulia huruka na hakuna anayeshangaa. Katika Borgen ya mwaka 2010, iliyobeba jina la utani la kasri la Bunge la Denmark, waziri mkuu anaangushwa kwa sababu kadi ya serikali ililipia manunuzi ya mkewe huko London. Si bandari, si reli, bali manunuzi ya siku moja, jambo ambalo hata jini wa chupani asingethubutu kulisimulia. Mrithi wake huenda kazini kwa baiskeli, bila ving'ora, huku magari ya wananchi yakiendelea na safari zao. Forbrydelsen ya mwaka 2007, yaani “Uhalifu”, huvuka mipaka kabisa: mpelelezi Sarah Lund, ndani ya sweta lake la sufu, anatumia vipindi 20 kuchunguza kifo cha msichana mmoja asiye na cheo, na wanasiasa wa jiji wanahojiwa. Ubunifu wa kiwango hicho unastahili kukeshewa, mradi watoto waelezwe mapema kwamba hiyo ni hadithi tu.