Kompyuta Imegoma Mununga? Fuata Maelekezo ya Kiwanda

Hongera kwa kumiliki kompyuta ya mezani yenye umri wa kupiga kura. Kama uko Mununga, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru upande wa Zambia, huenda ilikufikia juu ya lori lililokuja kubeba chisense, wale dagaa wetu wadogo, na kitabu chake cha maelekezo kikaishia kufungia maandazi kabla hata ya kufika mji wa Mansa. Usihuzunike. Vitabu hivyo husema mambo matatu tu: hakikisha waya umechomekwa, zima kisha washa, ikishindikana, ipeleke kwa wakala aliyeidhinishwa aliye karibu nawe. Kutoka hapa hadi Lusaka ni kama kilomita 1,000. Kwa kipimo cha kiwanda, huo ni ujirani.

Tuanze na kuchomeka. Nyuma ya mashine nyingi za zamani, kando ya tundu la umeme, kuna kiswichi kidogo chekundu kilichoandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Kompyuta iliyokuwa ikitumika Marekani huwa imewekwa 115, na umeme wa Zambia ni volti 230. Ukitaka kuwaburudisha watoto wa jirani, kiache kama kilivyo, chomeka, kisha rudi nyuma hatua mbili. Kutalia "pah!", moshi utafuata, na saplai ya umeme itakuwa marehemu. Asiyependa burudani achukue bisibisi bapa na kukisukuma hadi 230 kabla waya haujagusa ukuta. Saplai yenyewe mwachie fundi aifungue, kwa sababu kapasita kubwa za ndani hubaki na umeme hata waya ukichomolewa. Akikuonyesha mjusi aliyekaukia humo, usimtafute mchawi. Mjusi alifuata joto.

Sasa imewaka, feni inazunguka, lakini kioo ni cheusi tii. Dawa ya kiwanda: iinue, uiachie ianguke. Sitanii. Mwaka 1980 Apple ilitoa kompyuta ya Apple III, ambayo Steve Jobs alitaka isiwe na feni ili isipige kelele. Mashine zikapata joto, chipu zikalegea kwenye vikalio vyake, na ushauri wa kampuni kwa wateja ukawa kuinyanyua kompyuta sentimita chache juu ya meza na kuidondosha, chipu zirudi mahali pake. Baadaye mashine zipatazo 14,000 za mwanzo zilibadilishwa bure. Kwa hiyo fundi wa kando ya soko akiizaba yako kofi la ubavu, usimfokee.

"Fundi, unaniulia kompyuta!"

"Mama, hii ni huduma ya kiwandani."

Fundi mzuri hafiki kwenye kofi. Anachomoa ramu, kile kijibamba cha kumbukumbu, anakisugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya mtoto wa shule, taratibu, upande kwa upande, mpaka weusi ulioletwa na unyevu wa ziwa utoke. Anapuliza vumbi la raba, anairudisha na kuikandamiza kwa vidole gumba viwili hadi vibanio vya pembeni vilie "ta!". Mara nyingi kioo hurudi hapo hapo, na ghafla unaanza kuona bei ya fundi ni kubwa mno kwa kazi ya raba.

Kama inawaka na kuzimika yenyewe, fungua kifuniko utazame madabodi. Utaona vimikebe vidogo vimesimama wima: hizo ndizo kapasita. Nzima zina kichwa bapa. Mbovu zimevimba, nyingine zinatoa uji wa kahawia. Ugonjwa huu ulienea dunia nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kati ya Mei 2003 na Julai 2005 Dell iliuza kompyuta za OptiPlex takribani milioni 11.8 zilizokuwa hatarini kupata kasoro hiyo, na ikalazimika kutenga dola milioni 300 za matengenezo. Chuo Kikuu cha Texas kilipolalamika, kampuni ikajibu kwamba mashine zimechoshwa na hesabu ngumu mno. Hata mawakili waliokuwa wakiitetea Dell kwenye kesi ya kasoro hiyo walikuwa na kompyuta zilezile mbovu ofisini.

Basi jichunguze kabla ya kulaumu: ulikuwa unapiga hesabu gani? Kama ni madeni ya nyavu na chisense waliokopwa tangu mwaka juzi, hapo hata kompyuta mpya ingevimba. Vinginevyo, fundi atang'oa kapasita kwenye redio iliyokufa. Mwambie aangalie mikrofaradi zilingane, volti zisipungue, na mstari wa hasi ukae upande wake. Akikosea upande, utapata burudani ya pili.

Laptopu isiyoonyesha picha ni habari nyingine. Mwaka 2008 Nvidia ilikiri kasoro kwenye chipu zake za picha, na HP iliongeza muda wa dhamana kwa baadhi ya laptopu zake. Muda huo umekwisha zamani. Wapo wanaoipasha mashine moto ili chipu ishike tena. Hushika wiki chache. Usiiweke juu ya mbaula, yaani jiko la makaa, hata kama makaa yanapoa.

Saa ikirudi mwaka 2002 kila ukiwasha, betri ndogo ya CR2032 imekufa. Usipoibadilisha, risiti zako zitaonyesha umeuza samaki kabla ya kununua boti, na intaneti itakataa kurasa nyingi. Kibodi iliyovuka ziwa kutoka Pweto, upande wa Kongo, ikiandika Q unapobonyeza A, haijaharibika: herufi zake zimepangwa Kifaransa. Na wakati wa mgawo wa umeme, kama ule wa ukame wa 2024, chomoa kila kitu usingoje umeme urudi kwa kishindo.

Huduma baada ya mauzo ina msimu wake. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa, radi ndizo zinazovua kompyuta, na hela hakuna. Fundi atatengeneza kwa deni hadi Machi, jambo ambalo sijaliona kwenye dhamana ya kampuni yoyote. Mlipe Machi hiyo. Na ukienda kununua nyingine, mwambie muuzaji afungue kifuniko mbele yako uone vichwa vya kapasita. Akikataa, hela irudi mfukoni.