Kilo Nne na Nusu za Matango

Jogingi ya zamani ilikuwa na adabu yake. Mnaamka Jumapili alfajiri, mnavaa fulana za klabu zenye jina la mtaa mgongoni, mnakimbia huku mnaimba, mnaziba barabara, mnatukanwa na makonda wa daladala, kisha mnaishia penye supu. Bakuli la makongoro, chapati mbili, ndimu na pilipili. Mtu unatoka jasho la mbio, halafu unatoka jasho la supu, unarudi nyumbani una amani na dunia.

Sasa wamekuja wataalamu. Klabu yetu imepata mwalimu, kijana mwenye saa inayohesabu mapigo ya moyo, na amri yake ya kwanza ilikuwa kupiga supu marufuku. Tukimaliza kukimbia tunagawiwa vipande vya matango na maji ya limau. "Shikamoo mzee," ananiamkia kwa heshima zote, kisha ananipokonya chapati.

Mtu anayeshinda kwenye kiti akiambiwa apunguze kula, sina neno. Lakini sisi tumekimbia! Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 10 anatumia takriban kalori 700. Kilo nzima ya matango ina kama 150. Kwa hiyo kulipa deni la asubuhi moja nahitaji zaidi ya kilo nne na nusu za matango, na sijui nitaanza kuzitafuna saa ngapi ili niwahi kazini Jumatatu. Robo kilo ya unga wa mahindi, ikisongwa ikaiva, inalipa deni lote na chenji inabaki.

Nilimweleza. "Ugali unanenepesha, mzee wangu." Nikamuuliza, wale wa Iten, kule Kenya, wanaoshinda mbio za Berlin na London, jioni wanakula nini? Ugali na sukuma wiki, wanateremshia chai ya maziwa yenye sukari. Mbona hawanenepi? Akasema wale ni wanariadha. Na sisi anaotukimbiza hadi ulimi nje ni akina nani, wajumbe wa harusi?

Nyumbani nako hakukaliki. Mama watoto ameingia klabuni, sasa ananipakulia wali kwa kikombe cha kahawa. Mchana anasifu wepesi wa mwili. Usiku wa manane tunakutana jikoni, kila mmoja akidai amefuata maji.

Hiyo saa ya mwalimu inahesabu kalori zinazotoka tu, na kila zikitoka inapongeza. Zinazoingia hazina mtetezi. Kumbe mwili ukitumikishwa bila kulishwa unabana matumizi wenyewe: wanawake hedhi inaweza kupotea, mifupa inadhoofika, maradhi hayaishi, na wanaume, naomba radhi kwa wakwe wanaosoma, hamu ya unyumba inapungua. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambua hali hiyo rasmi kuwa tatizo la wanamichezo, wa kike na wa kiume. Klabuni kwetu, mtu akizimia kwa njaa anapigiwa makofi kwa kujituma.

Wala hatuombi pilau la sikukuu kila siku. Tunaomba viazi vitamu, maharage, ndizi, mayai, ugali wa kushikika. Anayeshiba haraka aongeze karanga na parachichi, maana gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na ya wanga 4 tu; chakula kidogo, nguvu nyingi. Matango yabaki palepale yalipokuwa siku zote, kwenye kachumbari, pembeni ya sahani.

Mwalimu nimeshampa msimamo wangu mbele ya mwenyekiti na mweka hazina: anayetaka kutupunguzia chakula, atupunguzie kwanza kilomita.